Mbabula Bila Makala

Duka la Bagalwa, Nyawera, saa nne asubuhi.
Mvua imetoka kupita
na viatu vyangu vimebeba nusu ya udongo wa Kadutu.
Nina dola mia mbili na kumi ndani ya sidiria.
Noti moja imechanika kona, na katika mji huu
noti iliyochanika haina mama.

"Mashini hii," anasema, "ina madirisha yake ndani, ya halali.
Mia mbili na themanini."
Na bila madirisha?
Anacheka mpaka kijana wa duka anacheka naye.
"Mama Nsimire, nyumba bila dirisha, utapumua wapi?"

Nikamwambia: Bagalwa, kamuulize mama yako.
Siku aliponunua mbabula pale sokoni,
nani alimfungia makala humo kwa nguvu,
makala ya msitu asioujua,
na onyo juu yake, kwamba akitia ya kwake
moto utakataa?

Akanyamaza kidogo. Akasogeza kikokotoo.
Kisha, kwa sauti ya mtu anayeuza samaki wa jana:
"Kuna njia ya katikati. Kijana atakutilia ya wizi,
dola tano, dakika ishirini. Kila mtu anafanya hivyo."

Kila mtu. Ninamfahamu Kila mtu.
Ndiye aliyenitilia ile ya kwanza,
ikawa kila Jumatatu inaandika kwenye kioo
kwamba mimi ni mwizi,
mbele ya wateja, mbele ya katekista
aliyeleta orodha ya ubatizo nimpigie.
Ndiyo iliyomeza kazi ya mwanafunzi wa Panzi,
kurasa themanini na mbili.
Nililipa kwa machozi, halafu kwa mchele.

Tupu, nikasema. Niuzie tupu.

Akaingia nyuma ya pazia, akatoka na sanduku lenye vumbi.
Miezi saba hakuna aliyeitaka:
wanaiwasha, wanaona weusi, wanadhani imekufa.
Akaiwasha. Weusi,
na mstari mmoja mweupe, mwembamba:
mfumo haukupatikana.
Nikaipenda papo hapo.
Mashini ya kwanza maishani mwangu
kukiri kwamba haina kitu.

Noti ya kona aliigeuza mara tatu juani,
akaipokea kama mtu anayempokea mkwe asiyemtaka.
Kwenye risiti akaandika:
mashini moja, tupu, hairudishwi.

Jioni akaja Akonkwa, mtoto wa dada yangu,
fulashi imening'inia shingoni kama rozari.
Yaliyomo hayana bei. Alinakili kwa rafiki
aliyeshuka na boti ya Goma,
na yule kwa mwingine, na mwingine kwa mwingine,
kama tulivyokuwa tukiomba moto kwa jirani,
kaa moja juu ya kigae,
na jiko la aliyetoa halipoi.

Ikauliza: lugha gani?
Nikashuka orodha kwa kidole. Kifini. Kigalisia.
Kiswahili kipo,
nusu yake imeshonwa, nusu bado ni uzi.
Mashi hakuna.
Nikashuka tena, polepole,
kama mtu anayetafuta jina la mwanawe
kati ya waliofaulu.
Nikabonyeza Kiswahili.

Asilimia sitini na moja, umeme ukakatika.
Mtaa mzima ukasema aaa!
Betri ikashikilia. Tukakaa,
mwanga wa kioo kwenye paji la Akonkwa,
mvua imerudi juu ya bati,
maharagwe ya jirani yanachemka mahali fulani gizani.
Sijui kama kesho itaelewana na printa yangu ya zamani.
Akonkwa anasema wataelewana.
Akonkwa pia alisema atapita hesabu.

Sitini na mbili.

Mlangoni, mama M'Cishugi,
karatasi za shamba lake ndani ya mfuko wa sukari.
"Mmefunga?"
Hapana, mama. Ingia, ukae.
Ndiyo tunawasha.